Fumbo nililomtupia Fundi limempiga mwengine

BARUA

Asalaam aleikum Bi Mkubwa,

Nna umri wa miaka 34 na nasimamia kiwanda kidogo cha mikate hapa Wete. Kiwanda ni cha baba, lakini mwaka wa pili huu baba hawezi kutoka kitandani, kwa hivyo funguo, daftari na lawama zote ninazo mimi. Tuko watu 11: wakandaji, watu wa tanuri, wasichana wa kupanga trei, na vijana wawili wa baiskeli wanaopeleka boflo madukani kabla watu hawajatoka sala ya alfajiri.

Shida yangu ni mtu mmoja, na ndiye mtu nisiyeweza kumkabili. Ni fundi mkuu wetu, rafiki wa baba tokea ujana wao, kazini kwetu ana miaka 26. Wengine wanamwita Fundi, mimi namwita Ami. Kukanda nimefundishwa na yeye, nikiwa mtoto nimesimama juu ya kreti la soda ili niifikie meza.

Tokea mwezi wa Mfunguo Sita mambo yameharibika. Mikate inatoka imeungua, siku nyengine inatoka nyeupe kama haikuona moto. Sisi polo moja la unga la kilo 50 tunalitia chumvi kilo moja. Wiki tatu nyuma ziliingia mbili. Unga ukalala kama udongo, haukuumuka, tukatupa trei zote za usiku ule, na duka moja la Konde limekwisha kuhamia kwa mtu mwengine. Nilipouliza, Ami alisema mizani mbovu. Nikaijaribu kwa paketi ya sukari ya kilo, iko sawa sawa. Siku hizi anamwita kijana amsomee mizani, kisha anamgombeza kwamba anasoma pole pole. Tumeweka taa mpya yenye mwangaza mkubwa, haitaki, anasema inamchoma, na kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Vijana wanamfichia. Wanabaki mpaka jua limetoka wakikanda upya kilichoharibika, na saa hizo siwalipi, kwa sababu kwenye daftari hakuna kilichotokea.

Mimi nimefanya haya. Kwanza niliitisha kikao cha sote, nikasema kuna watu humu kazi imewashinda, wanabebwa na wenzao, na wenyewe wanajijua. Ami alikuwa anakunywa kahawa, akaitikia kwa kichwa kama vile nawasema majirani. Msichana mmoja wa trei, ambaye wiki ile alichelewa mara mbili kwa sababu ya mtoto wake, aliinuka akatoka analia. Kesho yake mama yake akaja barazani kwetu kuniuliza mwanawe kakosa nini. Nikamwambia hakukosa kitu. Akanambia, "Basi ulikuwa ukimsema nani?" Sikuwa na jawabu.

Pili, niliweka picha ya kanga kwenye WhatsApp, yenye maneno makali. Mashoga zangu wote wamenijibu, yeye hakujibu kitu.

Tatu, nilimtuma mkwewe. Sijui alifikisha nini, lakini tokea siku ile Ami anaitikia salamu yangu basi, na chai ya saa 4 usiku hanywi tena na sisi.

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema muhali, huku kuoneana haya, utakiua kiwanda. Kanitumia mfano wa barua ya onyo, nitie jina tu. Nimeichapisha, imo kwenye mtoto wa meza. Rajabu inakwisha, na Ramadhani ikifika watu wanataka mikate jioni, zamu zote zinapinduka. Nimwambie nini mtu aliyenilea, na nimwambie vipi?

Mwenye Funguo, Wete

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi, na nimepiga mstari mahala patatu: mizani anayosomewa, taa inayomchoma, na kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Wewe umeyaandika hayo kama ushahidi wa ukaidi. Mimi nimemwona mtu ambaye macho yanamtupa.

Mtu mwenye mtoto wa jicho, mwangaza mkali humtawanyikia. Rangi nazo humfifia, manjano na kahawia zikakaribiana, na fundi wa tanuri kazi yake khasa ni kujua rangi ya mkate imefika wapi. Mshale wa mizani, baina ya mstari wa moja na wa mbili, ni kitu chembamba. Na miaka 26 mbele ya mdomo wa tanuri si kidogo. Madaktari walikwisha kuliona zamani jambo hili kwa wapuliza vioo, ambao joto liliwapiga usoni umri mzima mpaka macho yakaingia ukungu. Ugonjwa wa sukari nao huharakisha. Lakini mimi si daktari, nimeona barua tu, na wewe pia si daktari. Liweke akilini hilo, nitalirudia.

Kabla ya Ami, una deni jengine, nalo linalipwa kwanza. Nenda kwa yule msichana wa trei. Hukumtaja jina kikaoni, lakini machozi yake yameshamtaja, na kila aliyekuwepo anaamini mpaka leo kwamba mzembe ni yeye. Ulimwambia mama yake "hakukosa kitu" barazani, mlipokuwa wawili. Jina lake lilichafuka mbele ya watu kumi, na mbele ya hao hao kumi lisafishwe. Maneno mafupi tu: "Siku ile nilisema maneno ya juu juu, mwenzetu akadhani nimemkusudia yeye. Sikumkusudia. Kosa ni langu." Usieleze ulimkusudia nani, na akijitokeza mwenye kuuliza, mwambie utazungumza na mhusika mwenyewe. Nakuhakikishia Ami ataisikia sentensi hiyo kuliko wote.

Sasa mafumbo. Sisi ni watu wa mafumbo, wala sitajifanya mimi simo. Mwanamke wa visiwa hivi anaweza kununua kanga kwa ajili ya maneno yake tu, akapita nayo mara tatu mbele ya mlango wa mtu, na kesi ikasikilizwa ikahukumiwa bila ya mdomo kufunguka. Kabati langu lina ushahidi. Kwa majirani ina maana yake, kwa sababu fumbo humwachia mtu mlango wa kutokea: akitaka ataelewa, hakutaka atajifanya kanga ni nguo tu. Mtakutana kesho kisimani mkasalimiana.

Lakini kiwandani mwako huyo unayemfumbia ndiye anayetia chumvi usiku huo huo. Huwezi kumwachia achague kama kaelewa au hakuelewa. Tena alipoitikia kwa kichwa kikaoni, wewe umechukulia ni dharau. Macho yakififia kidogo kidogo, mwenyewe huwa wa mwisho kujua yamefifia kiasi gani. Inawezekana kabisa alikuwa anakubaliana na wewe. Au anajua na anaogopa, na fumbo lako likampa nafasi ya kuogopa siku kumi zaidi.

Kaka yako nampa nusu ya haki. Muhali wenyewe si ugonjwa. Mji usiokuwa na muhali haukaliki. Ila tizama wako umelipiwa na nani. Wewe umemwonea muhali Ami, na gharama yake wameitoa wale vijana, usiku kwa usiku, wakikanda mara ya pili bila ya malipo. Zile saa zao zihesabu, uzilipe wiki hii. Ni haki yao, hazimsubiri Ami wala daktari wa macho.

Nikwambie na langu. Nilikuwa mwalimu mkuu wa skuli moja Unguja, sitaitaja. Alikuwepo mwalimu wa hesabu akichelewa Jumatatu na Jumatano, karibu kila wiki. Nikabandika tangazo: walimu wote wanakumbushwa kufika saa 1 na nusu. Waliokuwa wakifika saa 1 kamili wakaninunia. Yeye alilisoma, akapita. Nikaghadhibika, nikamwandikia onyo bila ya kumwita wala kumwuliza. Aliipokea karatasi, akatia sahihi, hakusema neno. Bado naiona ile sahihi, ndogo, imelala pembeni kana kwamba inaomba njia. Miezi miwili baadaye nikaja kuambiwa na mama muuza vitumbua wa nje ya geti kwamba mama wa yule mwalimu alipigwa na kiharusi, na siku mbili zile dada yake huwa zamu, kwa hivyo yeye ndiye anayemkosha na kumlisha kabla ya kutoka. Muuza vitumbua alijua. Mimi mkubwa wake nilikuwa na nakala ya onyo kwenye faili.

Usidhani kila anayechelewa ana mama mgonjwa, lakini. Mwalimu mwengine, baada ya funzo hilo, nilimwita kwa upole wangu wote, nikamwuliza, nikanyamaza. Akanambia anaangalia mpira wa Ulaya mpaka usiku wa manane na asubuhi haamki. Nilimshukuru kwa ukweli wake, nikamhamishia kipindi cha kwanza.

Basi na wewe utamwuliza. Nyumbani kwake usende. Kule yeye ni mwenyeji, mkewe ataleta chai na wajukuu watakuwa mlangoni, na mgeni hana pa kuanzia maneno kama haya. Usiku wakati wa kazi pia hapana, vijana masikio yote yatakuwa kwenu. Mwite alasiri, baada ya sala, kabla tanuri halijawashwa. Kaeni nje kwenye benchi la ghala, watu wawaone lakini wasisikie. Wewe ni mwanamke na yeye ni mtu mzima; mkijifungia ofisini, kabla ya magharibi itakuwa na hadithi yake.

Salamu usizikate. Muulize watoto, wajukuu, shamba, mikarafuu imechanua vipi, yote anayostahiki. Zikimalizika salamu zimemalizika, usianze duru ya pili. Na usiingize robo saa ya sifa, kwamba yeye ni nguzo na bila ya yeye hakuna kiwanda. Mtu mzima akisifiwa sana anajua kuna kitu nyuma ya mlango, na kila sifa inamzidishia khofu. Sema hivi, au kwa maneno yako yanayokaribia haya:

"Ami, nna neno na wewe, na si jepesi. Wiki tatu nyuma chumvi iliingia kilo mbili kwenye polo moja. Baada ya hapo kuna trei zimeungua na nyengine zimetoka mbichi, tarehe zake ninazo. Mizani naona unasomewa. Vijana wanakanda upya mpaka jua linatoka. Nilitakiwa nije kwako mwanzo, nikapita kwa watu. Hilo ni kosa langu, nisamehe. Sasa nataka nisikie kwako mwenyewe. Kuna nini?"

Hapo nyamaza, ingawa ndipo utakapopata taabu. Atatizama chini, atavua kofia, atavaa, na wewe ulimi utakuwasha kumwambia "lakini si kitu Ami, hata mimi huchanganya." Ukisema hivyo umemfungia mlango alioukaribia. Hesabu mabati ya ghala kama lazima ufanye kitu. Kimya cha mzee wa Pemba kinaweza kumaliza kikombe cha kahawa, mwachie akimalize.

Neno la mtoto wa jicho lisitoke kwako. Ukimtajia ugonjwa, mtabishana juu ya ugonjwa, yeye atashinda, na chumvi itabaki pale pale. Tena unaweza kuwa umekosea, na mimi nimekosea pamoja na wewe. Wewe una haki ya kusema ulichokiona: kilo mbili, trei, mizani, taa. Kama hakusema mwenyewe, uliza kama swali, "Ami, macho yakoje siku hizi?" na ukubali jibu lolote atakalotoa siku hiyo.

Akikubali, usimwambie "basi nenda spitali" ukainuka. Panga siku ya daktari wa macho, gharama ya safari itoe kiwanda, na siku ile ihesabiwe ya kazi. Kama ni mtoto wa jicho kweli, hutibiwa kwa upasuaji: lenzi iliyoingia ukungu hutolewa ikawekwa nyengine, na mara nyingi mtu hurudi kwake siku hiyo hiyo. Anachokiogopa yeye ni kwamba atakayekwenda kwa daktari harudi tanurini. Mkwewe huenda alimfikishia hilo hilo, kwamba mnamtoa. Kwa hivyo mwambie kwa mdomo wako nafasi yake itakuwaje akiwa anatibiwa, lakini ahidi kile tu ambacho daftari lako linaweza kukilipa.

Akija juu? Huenda akakwambia, "Leo umeniona mzee? Baba yako angenambia haya?" Usimjibu habari ya uzee. Mjibu la baba: "Baba angekuja mwenyewe, Ami. Hawezi, nimekuja mimi." Kisha rudi kwenye chumvi, na mpe siku: "Tuzungumze tena Jumamosi." Na baba usimwingize akusemee. Mgonjwa huyo, na siku utakapomtumia yeye, vijana watajua wewe unashika funguo za mtu.

Kuna jambo moja halina majadiliano, na limwambie kwenye kikao hicho hicho, akubali au asikubali. Kuanzia usiku huo mizani haimpimii mtu chumvi. Tafuta kopo ambalo likijaa chumvi yenu na kukatwa juu kwa kijiti ni kilo moja barabara. Kama hulipati, pima mchana utie kwenye mifuko, mfuko mmoja polo moja. Kopo halihitaji macho, mkono unatosha. Na liwe kwa wote, maana kijana mwenye usingizi naye husoma mshale vibaya. Mdomo wa tanuri nao, mpaka mjue macho yamesimama wapi, awe na mtu pembeni anayeona vizuri. Hapo si mikate tu, pana moto. Ami abaki mezani, auguse unga aseme umefika au haujafika. Kukanda hakutaki taa.

Ile barua ya kaka yako iache humo humo kwenye mtoto wa meza. Mambo ya kazi na ajira si ya Muungano. Yeye kakutumia karatasi ya bara, huku tuna Sheria yetu ya Ajira Namba 11 ya 2005, na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo huo. Ikifika siku ya maandishi, Mungu aepushe, uliza kwanza Kamisheni ya Kazi utaratibu wa Zanzibar ukoje. Kwa sasa daftari linatosha. Mkimaliza kuzungumza andika tarehe, nini mmekubaliana, na nani atafanya nini, kisha umsomee. Msomee, usimpe asome.

Na kabla hujafungua mdomo juu ya mtu kupumzika, fungua faili lake uone michango yake ya ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, inakwenda au haikwenda. Mfuko upo kwa sheria tokea 1998, na Ami kazini ana miaka 26. Kama kiwanda hakikumchangia, basi aliyekosea kazini si yeye peke yake, na mazungumzo yenu yana kifungu cha pili ambacho wewe ndiye utakayetizama chini.

Kama macho hayana kitu, na mwenyewe akasema amechoka tu, au hakusema lolote na trei zinaendelea kuungua, niandikie tena. Hiyo ni barua nyengine na jibu lake ni kali kuliko hili.

Ile picha ya kanga ifute leo. Na kama maneno yake ni yale ninayoyadhania, ninayo na mimi, ya rangi ya machungwa.